USHIRIKA WA KONYEZA NA MWANI, NA MAJI YA ZIWA LETU

(Haya ni maneno ya binti yetu, mwanafunzi wa elimu ya viumbe wa majini, aliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanachama hapa ghalani. Kamati ya Elimu imeyanakili ili wasiokuwepo nao wayapate. Ajuaye kusoma amsomee mwenzake.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, wazee wangu, akina mama, ndugu wavuvi na wakulima, vijana wenzangu:

Mwadila! (Wote: Mwadila!)

Nashukuru kupewa nafasi ya kusema mbele ya wakubwa. Mwenyekiti ameniomba nieleze ninachokisoma kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nasikia yako maneno hapa kijijini kwamba mtoto wa fulani alikwenda kusomea samaki, akaishia kuchungulia vidude vya utelezi baharini. (Vicheko.) Jamani, maneno hayo ni ya kweli. Ni hivyo vidude nitakavyovieleza leo, na mkinivumilia mtaona vinahusiana na hoja ya mashamba ya ukingoni iliyoko mbele ya mkutano huu.

MAWE YENYE UHAI

Wengi wetu hatujaiona bahari, kwa hiyo nianze na mawe. Ukienda Kilwa Kisiwani au Unguja utaona nyumba na misikiti ya kale iliyojengwa kwa mawe meupe yenye vitundu-vitundu. Hayo ni matumbawe. Wengine huyachoma wakapata chokaa. Ukiyaona nchi kavu utasema ni mawe kama majabali yetu haya ya Mwanza. Sivyo. Tumbawe limejengwa na wanyama wadogo, wengi wao hawazidi punje ya mahindi, wanaokaa pamoja maelfu kwa maelfu, kila mmoja na chumba chake cha chokaa. Wazee wakifa nyumba inabaki, watoto wanajenga juu yake. Ndivyo miamba ya baharini inavyopanda kidogo kidogo, miaka na miaka. Na samaki wengi wa Pwani wanazaliana na kujificha humo.

Sasa swali: wanyama hao wanakula nini? Maana maji yenye matumbawe ni maangavu, unaona chini. Na maji maangavu hayana chakula kingi. Ni kama shamba la mchanga mtupu. Wanadaka vidudu vinavyopita, lakini havitoshi.

Siri iko ndani ya miili yao. Mle ndani mnakaa mwani, mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Katika eneo la tumbawe lenye upana wa ukucha wa kidole gumba panaweza kuwa na mimea hiyo milioni moja na zaidi. Kazi yangu hasa ni kuihesabu. Tunachukua kipande kidogo, tunakisafisha mpaka mwani utoke, tunaweka tone moja juu ya kioo chenye miraba kama ya daftari la hesabu, halafu tunahesabu kwa darubini, mraba kwa mraba. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini ndiyo inayotuonyesha kama mnyama ana afya au anaelekea kufa.

MAPATANO YAO

Hebu tutazame mapatano yao, kwa kuwa sisi ni watu wa ushirika na mapatano tunayajua.

Mwani unapata nyumba na ulinzi. Unapata pia hewa ya ukaa anayoitoa mnyama, na taka za mwili wake, ambazo kwake ni uchafu na kwa mwani ni mbolea. Halafu mwani, kama mmea wowote, unatumia mwanga wa jua kupika sukari. Sehemu kubwa ya sukari hiyo unampa mwenye nyumba. Matumbawe mengi hupata hivyo hadi sehemu tisa katika kumi za nguvu wanayohitaji. Ndipo yanapata uwezo wa kujenga miamba hata kwenye maji yasiyo na chakula.

Mnaona? Hapa hakuna bwana na mtumwa. Kila mmoja analeta alichonacho, anachukua anachokosa. Lakini mapatano haya yanasimama juu ya nguzo moja, na nguzo hiyo ni mwanga. Mwanga usipofika, mwani haupiki. Mwani usipopika, mwenye nyumba analala njaa.

KONYEZA ANAYELALA CHALI

Ndugu wa matumbawe kwa ukoo ni konyeza. Watu wengine wa Pwani humwita yavuyavu. Ana umbo la mwavuli wa utelezi, na wavuvi wa baharini hawampendi kwa sababu akikugusa anawasha kama upupu.

Konyeza wengi huelea na kuwinda. Lakini iko aina moja, wataalamu wanaiita Cassiopea, inayokaa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi kwenye maji tulivu ya kina kifupi. Huyu halei kwa kuelea. Anajigeuza chali juu ya matope, mwavuli chini, mikono juu, anakaa hivyo mchana kutwa kama mahindi yaliyoanikwa uani. Kisa nini? Mikono yake imejaa mwani, naye anauanika juani upike.

Ajabu zaidi ni mtoto wake. Konyeza akiwa mchanga hafanani na mwavuli; ni kama kijiti kidogo kilichoshika chini. Mtoto wa Cassiopea asipopata mwani wa kuingia mwilini mwake, kwa kawaida anabaki kijiti hivyo hivyo. Haji kuwa mwavuli. Akiupata ndipo anageuka na kuwa mtu mzima. Kwa hiyo mapatano hayo ndiyo yanayomkuza.

KONYEZA WA MAZIWA YETU

Mtasema hayo ni ya baharini. La, konyeza tunaye hata kwetu. Mwaka 1883 msafiri Mjerumani, Richard Böhm, alikuta konyeza katika Ziwa Tanganyika. Watu wa elimu walishangaa, maana walizoea kwamba konyeza ni wa maji ya chumvi. Bwana mmoja Mwingereza, J. E. S. Moore, alifika huko katika miaka ya 1890, akatoa hoja kwamba ziwa lile zamani liliungana na bahari. Hoja hiyo baadaye ilionekana haisimami. Konyeza yule ni wa maji baridi kabisa. Naye wa ziwa letu hili alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1907: Limnocnida victoriae.

Hawa wa kwetu ni wadogo, wa Tanganyika ana upana wa sentimita mbili hivi, kama sarafu, na ni mwangavu kama kioo. Hamwashi mtu. Ndiyo maana mvuvi anaweza kuvua miaka mingi asimjue.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2012 wataalamu, wengi wao wa Finland, waliandika kwamba konyeza wa Ziwa Tanganyika mara nyingi amebeba mwilini mimea midogo mno ya jamii ya kijani-bluu, nayo inapika kwa mwanga wa jua. Yaani anavua kama mvuvi na analima kama mkulima. Anadaka vidudu, na taka zake zinatia mbolea bustani aliyoibeba. (Sauti: Huyo ni mwanachama wetu! Vicheko na makofi.)

Ndiyo mzee, huyo ni mwanachama. Naye amefaulu kule kwa kuwa maji ya Tanganyika ni maangavu; ukishusha sahani nyeupe unaweza kuiona hata ikipita mita 10.

MAPATANO YANAVYOVUNJIKA

Jambo la kwanza linalovunja mapatano haya ni joto. Maji yakizidi joto la kawaida la majira ya joto kwa digrii moja tu, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani unaanza kutengeneza sumu badala ya sukari. Tumbawe linautoa nje. Rangi ya tumbawe ilikuwa ya huo mwani, basi linabaki jeupe kama mfupa. Halijafa bado, lakini lina njaa. Joto likishuka mapema mwani unarudi. Likichelewa, linakufa. Mwaka 1998 ilitokea hivyo Pwani yetu, Mafia, Unguja na hata Kenya, matumbawe mengi yakafa. Ikatokea tena mwaka 2016, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imeenea bahari za dunia nzima.

Jambo la pili ni uchafu wa maji, na hili ndilo nililokuja nalo nyumbani. Udongo ukiingia majini unaziba mwanga. Mbolea na samadi zikiingia zinalisha mwani wa nje, ule usio na mapatano na mtu. Huo unajaa, unafunika, unawanyima mwanga wengine wote. Halafu unakufa, unazama, unaoza, na katika kuoza unamaliza hewa ya majini. Samaki wanakosa pumzi.

Kwa hiyo msichanganye mambo. Mwani si adui. Mwani huo huo ndani ya konyeza ni mshirika, na nje, ukilishwa kupita kiasi, ni mlanguzi. Tofauti ni kipimo.

ZIWA LETU LIMEPIMWA

Ziwa letu si geni kwa wapimaji. Mtaalamu Talling alipima upande wa Uganda mwaka 1960 na 1961. Wenzake walipopima tena, matokeo yakatolewa mwaka 1993, walikuta upikaji wa mwani umezidi mara mbili, na wingi wa mwani wenyewe umezidi mara nane hadi kumi. Chakula cha mwani huo kinatoka mashambani, mijini, viwandani, na hata kwenye majivu na vumbi la moto wa nyika linalopeperushwa ziwani. Si kosa la kijiji kimoja. Lakini kila kijiji kina fungu lake.

Mseme basi, maji yakiwa ya kijani mvuvi anapoteza nini? Nitawapa mfano wa hapa hapa Ghuba ya Mwanza. Yuko furu mmoja, dume lake jekundu, wataalamu walimpa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu: nyererei. (Makofi.) Yuko ndugu yake, dume lake la bluu. Majike wanachagua dume kwa rangi, kama binti anavyochagua kanga. Mwaka 1997 wataalamu Seehausen, van Alphen na Witte walieleza kwamba kwenye maji maangavu mwekundu na wa bluu wanakaa mbalimbali, kila mmoja na ukoo wake. Kwenye maji machafu jike haoni vizuri, rangi zinachanganyika, na aina mbili zinaelekea kuwa moja iliyofifia. Wazee hapa wanakumbuka furu wa kila aina waliojaa mitegoni kabla sangara hajatapakaa katika miaka ya 1980. Sangara aliwala wengi, ni kweli. Lakini wale waliosalia maji machafu nayo yanawapunguza.

Tumbawe, konyeza, furu: wote watatu wanaishi kwa mwanga unaopita majini. Hilo ndilo neno langu moja. Mkilisahau jingine lote, shikeni hilo.

HOJA YA UKINGONI

Sasa nije kwenye mafunjo na matete. Miaka hii tumefyeka ukingo tukalima nyanya na mboga hadi maji yanapogusa miguu. Najua sababu: pale ndoo haina safari ndefu. Lakini mafunjo yale ni chujio. Mizizi yake inashika udongo, inakula mbolea kabla haijafika ziwani. Humo ndimo wanamojificha watoto wa sato, na ndimo kwa kambale na kamongo. Mvua moja kubwa ikipiga shamba lisilo na ukingo, udongo wenu mzuri, ule mweusi, unakwenda kulisha mwani. Mkulima amepoteza rutuba, mvuvi amepoteza maji. Wote wawili wanachama wa Chama hiki hiki.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisifanyiwe shughuli za kuharibu. Lakini mimi sikuja kuwatishia na sheria. Nina mapendekezo matatu:

1. Tuache mafunjo yaote tena, tukianzia kwenye mdomo wa korongo ambako maji ya mvua yanashuka kwa nguvu.

2. Wanaolima pale wapewe kwanza sehemu nyingine nyuma ya mafunjo, na Chama kinunue pampu ya kukanyaga kwa miguu iwe ya zamu. Asiondolewe mtu kabla ya kuonyeshwa pa kwenda.

3. Tupime maji wenyewe. Chukueni sahani, ipakwe rangi nyeupe na nyeusi, ifungwe jiwe na kamba yenye fundo kila nusu mita. Mtu ashushe kutoka mtumbwini saa sita mchana, mahali pale pale kila mwezi, ahesabu mafundo mpaka sahani ipotee machoni. Kipimo hiki alikianzisha padre wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865, na mpaka leo watafiti wa maziwa wanakitumia. Mtoto wa darasa la tano anakiweza. Hesabu iandikwe hapa ukutani, kila mtu aione.

Ushirika sisi wa Mwanza hatukuletewa na mgeni. Mzee Paul Bomani na wenzake walisimamisha umoja wa vyama vya wakulima wa pamba, VFCU, mwaka 1955, wakati mkulima hana mizani ya kuiamini. Walianza na kudai mizani ya haki. Nami naomba tuanze na kipimo cha haki cha maji yetu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Ushirika oyee! (Wote: Oyee!)

MASWALI

Mzee mmoja mvuvi: Mwanangu, konyeza huyo analiwa?

Jibu: Wa kwetu haliwi, baba. Karibu mwili wote ni maji. Ungemkaanga sufuria ingebaki tupu. (Vicheko.) Huko China na Japani wanakula aina fulani kubwa za baharini, zikisha kutiwa chumvi na kukaushwa.

Mama mmoja mkulima: Binti, umesema vizuri. Lakini nyanya zile ndizo zinazosomesha watoto wangu. Wewe unaniambia nirudi nyuma kwa ajili ya kidude nisichokiona?

Jibu: Mayu, swali lako ni zito na ni la haki. Sikuambii uache nyanya. Ukirudi nyuma peke yako, umepata hasara na ziwa halikupata faida. Ndiyo maana nimesema sehemu mpya na pampu vitangulie. Na si kwa ajili ya konyeza tu. Udongo unaochukuliwa na mvua pale ni wako, na dagaa unaoununua kwa ajili ya watoto hao hao unatoka kwenye maji yale. Chama kikishindwa kukupa maji huko nyuma, una haki ya kukataa.

Mama: Basi nataka iandikwe hivyo hivyo, pampu kwanza. (Makofi.)

Kijana mmoja: Kama miji na viwanda vinachafua zaidi yetu, sisi mafunjo yetu yatafaa nini?

Jibu: Ziwa lina kilometa za mraba zaidi ya 68,000 na nchi tatu. Hatutalisafisha lote. Lakini hori letu ni letu. Watoto wa sato wanaokulia kwenye mafunjo yetu wanaanzia hapa. Na tukiwa na hesabu za sahani za miaka miwili mitatu, tukienda wilayani kumlalamikia mchafuzi tutakwenda na daftari mkononi. Asiye na daftari anasikilizwa na kusahauliwa.

TANGAZO LA KAMATI

Mwenyekiti amefunga kwa kusema kwamba mapendekezo yote matatu yatapigiwa kura katika mkutano ujao. Neno la mama yule limeandikwa kwenye kumbukumbu: pampu kwanza. Wenye mashamba ukingoni waandikishe majina yao kwa Katibu, na waseme ukubwa wa mashamba yao, ili hesabu ya sehemu mpya ijulikane kabla ya kura. Sahani ya kupimia imeshatolewa na mwanachama mmoja. Inatakiwa kamba ya mita 10. Mwenye nayo ailete ghalani.